Anayeishinda nafsi na asiyetamani: nani mbora katika falsafa ya Kiyahudi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa dini sekondari. Nilipokuwa nikifundisha kwamba Uyahudi una amri 613, mwanafunzi mmoja aliuliza: mtu akizishika zote, ana haja gani tena ya fadhila? Si amekwisha kuwa mwema? Mwenzake akadakia: kuna mtu asiyetamani kuiba hata kidogo, na kuna anayetamani akajizuia, yupi bora mbele za Mungu? Niliwaahidi jibu. Wanafalsafa wa Kiyahudi wenyewe wanasemaje?

Jibu: Mwalimu, wapongeze wanafunzi hao kwa niaba yangu. Maswali yao yamewashughulisha wanachuoni wa Kiyahudi kwa karne nyingi, na mpaka leo mjadala haujafungwa. Nitajibu kwa kumfuata zaidi mtu mmoja, Musa bin Maimun, ambaye Wayahudi humwita Rambam na Wazungu humwita Maimonides. Wengine walimtangulia. Saadia Gaon aliandika juu ya mizani ya tabia huko Iraki mwaka 933, Ibn Gabirol akaandika huko Zaragoza mwaka 1045, na baadaye katika karne hiyo ya 11 Bahya ibn Paquda akatunga kitabu kizima kuhusu wajibu wa moyo. Lakini Maimonides ndiye aliyeyaweka maswali ya darasa lako mezani yote mawili na kuyajibu bila kukwepa.

Alizaliwa Córdoba mwaka 1138. Familia yake iliihama Andalusia kwa sababu ya mateso ya watawala wa Almohad, ikaishi Fez kwa muda, na mwishowe akatulia Fustat, jirani na Kairo, alikofanya kazi ya utabibu hadi alipofariki mwaka 1204. Mwaka 1168 alikamilisha ufafanuzi wake wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, akiuandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania. Alipofika kwenye sehemu iitwayo Avot, yenye maneno ya hekima ya mababa, aliitangulizia sura nane fupi juu ya roho ya mwanadamu na tabia zake. Utangulizi huo umekuwa ukisomwa kama kitabu kinachojitegemea, na hujulikana kwa jina la Sura Nane. Mwanzoni kabisa anasema kwamba mengi yaliyomo si yake: ameyachukua kwa marabi, na kwa wanafalsafa wa zamani na wa karibuni, kwa kuwa kweli husikilizwa kutoka kwa yeyote anayeisema. Hawataji kwa majina, kwa sababu anajua kuna msomaji ambaye akiliona jina la mgeni atalikataa neno kabla ya kulipima. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa imetoka kwa al-Farabi, mwanafalsafa Mwislamu, na nyuma ya al-Farabi yuko Aristotle. Nakuomba uwaeleze wanafunzi wako jambo hili. Falsafa ya maadili ya Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa zama zile ilinywa kutoka visima vilevile.

Fadhila kwa Maimonides ni hali iliyokaa rohoni kati ya kupita kiasi na kupungukiwa. Ukarimu uko kati ya ubahili na ubadhirifu, na ushujaa uko kati ya woga na kujitosa kwenye hatari bila kufikiri. Hakuna anayezaliwa nayo. Katika sura ya nane anasisitiza kwamba, kama vile hakuna anayezaliwa fundi wa kazi fulani, ndivyo hakuna anayezaliwa mwema au mwovu. Maumbile ya mwili yanaweza kumrahisishia mmoja na kumtatiza mwingine, basi. Tabia huja kwa kutenda na kurudia mpaka kitendo kiwe chepesi. Anaipigania hoja hii kwa ukali kwa sababu watu wa zama zake walipenda kuzilaumu nyota.

Hapo ndipo amri zinapoingia, na hapo ndipo jibu la swali la kwanza linapoanza. Katika sura ya nne Maimonides anazipitia amri za Torati na kuuliza kila moja inamfanyia nini mtu anayeitii. Kwa nini mkulima aamriwe kutoa fungu la kumi, kuacha pembe za shamba bila kuvuna, kutorudia mganda aliousahau, kuiachia ardhi mwaka wa saba, kisha tena mwaka wa yubile? Ukizijumlisha unaona zinamdai kutoa karibu na ubadhirifu. Ndivyo anavyolieleza mwenyewe: zinatuvuta mbali na ubahili, mpaka ukarimu ukae ndani yetu. Kwa nini usilipize kisasi, usiweke kinyongo, na ukimkuta punda wa adui yako amelemewa na mzigo umsaidie? Ili nguvu ya hasira idhoofike. Kwa nini usimame mbele ya mwenye mvi? Ili ufidhuli ukutoke. Na kwa nini, hata hivyo, umkemee jirani yako anapokosea? Kwa sababu haya nayo ikizidi ni ugonjwa.

Yeye ni tabibu na anafikiri kitabibu: mwili uliopoteza uwiano wake huvutwa upande wa pili kwa muda, ukishapona hurudishwa katikati. Kwa hiyo ana maneno makali kwa wanaojiongezea mafungo na kujinyima kuliko Torati inavyodai, kama mtu mzima wa afya anayekunywa dawa za wagonjwa kwa kudhani zitamzidishia uzima. Ananukuu swali la marabi katika Talmudi ya Yerusalemu, mmoja wa mikusanyo miwili ya mijadala ya marabi juu ya Mishna: je, hayakutoshi yale ambayo Torati imeyakataza?

Kuna mfano wake mmoja ambao ningependa ukae nao zaidi. Akifafanua maneno ya Avot, anasema anayempa mtu mmoja sarafu elfu kwa mkupuo hapati ukarimu kama anayetoa sarafu moja moja mara elfu. Mkono uliofunguka mara elfu umejifunza kufunguka. Aliyetoa mara moja alisukumwa na msisimko wa siku hiyo, kisha ukaisha. Bila shaka wanafunzi wako watauliza: na maskini je? Huenda sarafu elfu zingeyageuza maisha yake. Ni pingamizi la haki, nami nalikubali. Ila huyohuyo Maimonides, alipoandika sheria za sadaka katika Mishneh Torah, kitabu chake kikubwa cha sheria za Kiyahudi, alipanga daraja nane za utoaji, na ya juu kabisa haihesabu mara wala haitazami roho ya mtoaji. Ni kumkopesha aliyeanguka, au kushirikiana naye katika biashara, au kumpatia kazi, asije akahitaji kunyoosha mkono tena. Kwenye kitabu kimoja alizungumza na anayejijenga, kwenye kingine na jamii inayowajibika kwa maskini wake. Ukisoma kimoja tu utamwonea.

Basi amri ni shule ya tabia. Lakini mwanafunzi wako atabana zaidi: aliyehitimu shule hiyo, aliyeshika zote 613, si amemaliza? Jibu kali kuliko yote lilitolewa na Nahmanides wa Girona, aliyezaliwa mwaka 1194 na kufa mwaka 1270. Akifafanua maneno ya Mambo ya Walawi 19:2, "Mtakuwa watakatifu", anasema inawezekana mtu akawa mchafu kwa idhini kamili ya Torati. Torati imeruhusu nyama na divai. Basi mlafi na mlevi atashiba na kulewa vya halali. Imeruhusu tendo la ndoa; mwenye uchu atazama humo bila kiasi. Haikuorodhesha kila neno chafu. Naye atatukana apendavyo. Hakuna amri moja aliyoivunja, na bado ni mtu wa kuchukiza. Kwa hiyo, asema Nahmanides, baada ya kutaja makatazo mojamoja Torati ikatoa amri moja pana ya kuwa watakatifu. Anarudia hoja hiyohiyo kwenye Kumbukumbu la Torati 6:18, panapoamriwa kutenda yaliyo sawa na mema: haiwezekani kitabu kitaje kila jambo linaloweza kutokea kati ya mtu na jirani yake, mnunuzi na muuzaji, mji na mji. Zilitajwa nyingi, kisha likawekwa neno hilo la jumla ili mtu azidishe wema kuliko anavyobanwa na sheria.

Talmudi inayo kesi inayoonyesha jambo hili mahakamani. Wapagazi walivunja pipa la divai la mwanachuoni mmoja. Akachukua nguo zao kufidia hasara. Wakaenda kwa hakimu, Rav, naye akaamuru, "Warudishie nguo zao." Yule akauliza, "Hivyo ndivyo sheria ilivyo?" Rav akajibu ndiyo, akamsomea maneno ya Mithali 2:20 juu ya kwenda katika njia ya watu wema. Nguo zikarudishwa. Wapagazi wakasema, "Sisi ni maskini, tumefanya kazi kutwa nzima, tuna njaa, na hatuna kitu." Rav akamwambia, "Nenda ukawalipe ujira wao." Akauliza tena, "Hivyo ndivyo sheria?" Akajibiwa ndiyo, akasomewa nusu ya pili ya mstari uleule, juu ya kuishika mapito ya wenye haki. Wafafanuzi wamebishana kama Rav alikuwa akitoa hukumu hasa au akimfundisha adabu mtu wa hadhi. Mimi naona hadithi imeandikwa makusudi ili isitenganishe hayo mawili. Mdai alitaka kujua mpaka wa haki yake. Hakimu alimwangalia kama mtu ambaye bado anajengwa.

Swali la pili ndilo gumu, nalo limepewa sura nzima ya sita. Maimonides anaweka pande mbili. Wanafalsafa, asema, wanakubaliana kwamba mtu anayetenda mema huku akiyatamani mema ni bora kuliko anayetenda mema huku roho yake ikivutwa kwenye mabaya. Wote wawili wametenda sawa kwa nje, lakini wa pili bado ana kasoro ndani. Na Maandiko yanaonekana kuwaunga mkono: Mithali inasema nafsi ya mtu mbaya hutamani mabaya, na kwamba kutenda haki ni furaha kwa mwenye haki. Mwenye haki hufurahi, haumii.

Kisha anawageukia marabi, na wao wanasema kinyume. Wanasema aliye mkubwa kuliko mwenzake, na nafsi inayomvuta ni kubwa kuliko ya mwenzake. Wanasema malipo huenda kwa kadiri ya taabu. Zaidi ya hayo, kuna fundisho analolinukuu kwa jina la Rabani Shimon ben Gamliel: mtu asiseme kwamba hawezi kabisa kula nyama pamoja na maziwa, au kuvaa nguo iliyofumwa kwa sufu na kitani, au kumwendea mwanamke aliyekatazwa. Aseme kwamba angependa, lakini afanyeje, Baba yake wa mbinguni amemkataza. Hapa tamaa haionekani kuwa kasoro. Inatakiwa iwepo.

Mwanachuoni mwingine angechagua upande mmoja. Maimonides anasema wote wamesema kweli, ila hawazungumzii mambo ya aina moja. Yako maovu ambayo wanadamu wote wanajua ni maovu: kuua, kuiba, kudhulumu, kumdhuru asiyekukosea, kumlipa ubaya aliyekutendea wema, kuwadharau wazazi. Katika hayo wanafalsafa wako sahihi. Anayetamani kuua akajizuia hana sifa kuliko asiyetamani. Tamaa yenyewe ni ugonjwa wa roho, na roho njema haina hata uchungu wa kujizuia. Lakini nyama na maziwa, au sufu na kitani, visingekuwa vibaya kamwe lau Torati haingevikataza. Hakuna ubaya ndani ya kitu chenyewe ambao roho njema ingeuchukia. Katika hayo tamaa ibaki, na kinachomzuia mtu kiwe utii peke yake. Angalia mifano ya Rabani Shimon, asema Maimonides: hakutaja kuua wala kuiba.

Basi jibu kwa mwanafunzi wako ni hili: kwa kuwa ameuliza juu ya kuiba, mbora ni yule asiyetamani. Angeuliza juu ya chakula kilichokatazwa, jibu lingegeuka.

Usiwafiche wanafunzi kwamba ufumbuzi huu una mahali panapovuja. Mfano wa tatu wa Rabani Shimon ni mahusiano ya ndoa yaliyokatazwa, yakiwemo ya ndugu wa karibu. Maimonides anayaweka kwenye kundi la nyama na maziwa, yaani mambo ambayo bila Torati yasingekuwa mabaya. Wasomaji wengi wameshtuka hapo, na wana haki ya kushtuka. Pia anakataa kuziita amri za kundi la kwanza "amri za akili", kama walivyofanya waliomtangulia waliofuata njia ya wanatheolojia wa Kalam, elimu ya Kiislamu ya kuijadili imani kwa hoja. Msomaji wake angemkumbuka Saadia mara moja. Hata hivyo ugawaji wake, kwa maoni yangu, unagusa jambo ambalo watu wa dini zetu zote wanalihitaji. Mtu anaweza kujisifu kwa vita anavyopigana na nafsi yake, kumbe vita hivyo vinaonyesha kwamba hajaanza kumwona jirani yake kama mtu. Anayejikaza kila siku asimpige mkewe anastahili kusaidiwa. Hastahili sifa kuliko mume ambaye wazo hilo halimjii.

Kuhusu kanuni ya katikati, Maimonides mwenyewe anaivunja mahali pawili. Katika Mishneh Torah, kwenye sheria za tabia, sura ya kwanza inasema mtu asiwe mwepesi wa hasira wala asiwe kama maiti asiyehisi. Akasirike kwa jambo kubwa tu. Sura inayofuata inasema kiburi na hasira havina katikati: mtu aende mpaka mwisho wa upande wa pili. Kumhusu Musa haikuandikwa kwamba alikuwa mpole tu, imeandikwa "mpole sana". Kuhusu hasira, hata anayetaka kuwatia adabu watoto au watu wa nyumbani mwake aonyeshe sura ya hasira, na moyoni awe ametulia. Wasomi wamejaribu kuzipatanisha sura hizo mbili kwa njia nyingi. Nadhani kilichomsukuma ni kwamba aliviona kiburi na hasira vikimziba mtu asimwone Mungu kabisa, na ndiyo maana alikubaliana na marabi kwamba mwenye kukasirika ni kama aliyeabudu sanamu.

Katika ufafanuzi wake wa Avot 4:4 anasimulia kisa alichokisoma katika kitabu cha maadili. Mcha Mungu mmoja aliulizwa ni siku gani aliyofurahi kuliko zote. Akasema: nilikuwa nasafiri katika jahazi, nimelala mahali pa chini kabisa, nimevaa matambara, na humo walikuwamo wafanyabiashara matajiri. Mmoja wao akainuka kwenda haja ndogo, akaniona si kitu, akanikojolea. Nilistaajabu jinsi alivyokosa haya, lakini wallahi roho yangu haikuumia. Ndipo nikafurahi furaha kubwa, kwa kuwa nimefika mahali ambapo dharau ya mtu kama yule hainigusi. Kisa hiki kina harufu ya masufi, na Aristotle asingekipenda hata kidogo. Kwake mtu huyo angekuwa amekosa kujiheshimu. Maimonides anakisifu. Usimfanye kuwa Aristotle aliyevaa kilemba cha rabi.

Waliofuata baadaye nitawagusa tu. Hasdai Crescas, rabi na mwanafalsafa wa Hispania, mwaka 1410, alimpinga kwa kuuweka upendo wa Mungu juu ya akili. Luzzatto, rabi kutoka Italia, alichapisha Amsterdam mwaka 1740 njia ya fadhila yenye ngazi zinazopandwa moja baada ya nyingine. Katika karne ya 19 huko Lithuania, Israel Salanter alianzisha harakati ya Musar, iliyofanya malezi ya tabia kuwa somo la kila siku. Kitabu kimoja kilichopendwa na harakati hiyo, cha mwaka 1808, kiligawa tabia 13, wiki moja kwa kila tabia, mzunguko ukirudiwa mara nne kwa mwaka. Mpango huo ulitoka kwa Benjamin Franklin wa Marekani. Kweli kutoka kwa yeyote anayeisema, kwa mara nyingine.

Swali moja ambalo hukuuliza, lakini darasa litafika huko: fadhila ni za nini hasa? Katika sura ya mwisho ya Dalalat al-Hairin, kitabu chake kikubwa cha falsafa, Maimonides anapanga ukamilifu wa aina nne: mali, mwili, tabia njema, na ujuzi wa Mungu. Tabia ni ya tatu. Sababu yake inauma: fadhila karibu zote ni za kumfaa mwingine, na mtu akikaa peke yake hazina kazi. Ujuzi wa Mungu pekee ndio wa mtu mwenyewe. Wengine huishia hapo, wakasema kwamba kwake maadili ni ngazi tu ya kupandia falsafa. Lakini sura inaendelea. Ananukuu Yeremia: ajisifuye na ajisifu kwa kumjua Mungu, "nitendaye wema, na hukumu, na haki, katika nchi", na anaonyesha kwamba nabii hakukomea kwenye kumjua. Anayemjua Mungu huyo sharti atende anayotenda yeye. Hermann Cohen, Myahudi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1918, aliisoma hivyo na kumwona Maimonides kuwa mwanafalsafa wa maadili kwanza. Nami niko upande wake, ingawa wanaobisha ni wengi na si wajinga.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako jinsi mafundisho hayo yalivyokuwa katika siku ya kawaida ya mtu huyu, wasomee barua yake ya mwaka 1199 kwa Samuel ibn Tibbon, aliyekuwa akikitafsiri kitabu hicho kwa Kiebrania na alitaka kuja Misri kumwona. Maimonides anamweleza kwamba kila asubuhi huenda Kairo kwa Sultani, na akirudi Fustat mchana, ana njaa, hukuta baraza limejaa Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo, marafiki na maadui. Hushuka kwenye mnyama wake, hunawa mikono, huwaomba wamvumilie ale kidogo, kisha huwatibu mpaka usiku, mwishowe akiwa amelala chali kwa uchovu. Asije, anamwambia, kwa kutumaini mazungumzo ya faragha ya falsafa. Hata saa moja haitapatikana.